Mwongozo kamili: jinsi ya kufanya kazi kwa pamoja kwenye huduma za afya bila mgonjwa kudondoka katikati

Ukimuuliza mtu yeyote wa afya kama kazini kwao wanashirikiana atakwambia ndio, na wala hadanganyi, maana watu wanashikiana shifti, wanapigiana simu, wanasaidiana kumgeuza mgonjwa kitandani. Shida inakuja pale mgonjwa anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, yaani shifti ya usiku inapompa ya asubuhi, wodi inapompeleka chumba cha upasuaji, hospitali inapomruhusu arudi nyumbani. Kila anapohama kuna kitu kinabaki nyuma, mara ni dozi iliyobadilishwa jana jioni, mara majibu ya maabara yaliyotoka daktari akiwa kashaondoka, mara aleji ambayo nesi mmoja tu ndio anaijua.

Kwa hiyo hapa hatuanzi na kamati wala vikao. Tunaanza pale pa kukabidhiana, tukishapaweka sawa ndio tunapanda kwenye timu, halafu kwenye taasisi na taasisi. Sehemu nyingi zinaanza juu, zinasaini makaratasi kwanza, na kule wodini hakuna kinachobadilika kwa sababu aliyesaini siye anayempokea mgonjwa saa nane usiku.

Ili tusiongee hewani tumchukue mgonjwa mmoja wa mfano, mtu mzima ana kisukari na ana kidonda chini ya mguu. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kupunguza damu inayofika huko, sasa kiatu kinamchubua na hasikii maumivu, anakuja kidonda kishaingia ndani. Huyu hatibiwi na mtu mmoja hata awe bingwa namna gani: anahitaji wa kushusha sukari, wa kusafisha kidonda, wa upasuaji, mfamasia, mtu wa lishe, mtu wa viatu na mazoezi, na mtu wa nyumbani wa kumuangalia nyayo kila siku. Mmoja wao akikosa taarifa, mguu unaweza kukatwa.

Hatua ya 1: Chora njia ya mgonjwa kabla hujarekebisha chochote

Chukua faili la mgonjwa mmoja ambaye kashatoka, usichague yule aliyeenda vizuri sana wala yule wa maafa, chukua wa kawaida. Anza alipofika mapokezi, fuata mpaka aliporudi nyumbani, na kila mahali alipohama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine andika mambo manne: nani alimtoa, nani alimpokea, taarifa ilipitaje (mdomo, faili, simu, au mgonjwa mwenyewe alibeba karatasi mfukoni), na nani alihakikisha kwamba imefika.

Hiyo ya nne ndio utakuta haijajazwa. Daktari aliandika kwenye faili "apelekwe lishe", basi akajua ameshampeleka. Mtu wa lishe hajawahi kuliona hilo faili. Hakuna aliyefanya uzembe hapo, kila mtu alimaliza kazi yake kama anavyoijua, ila katikati yao hapakuwa na mwenye jukumu.

Zoezi hili lifanyeni watu wote mkiwa chumba kimoja, na msimsahau mtu wa mapokezi na anayebeba sampuli kupeleka maabara, hawa wanajua vitu ambavyo mkuu wa idara havijui kabisa. Mkiweza mleteni na mgonjwa au ndugu yake. Atawaambia alikaa wapi, alirudishwa mara ngapi, aliulizwa swali lile lile na watu wangapi. Mkimaliza zungushieni duara sehemu mbili tatu mbaya zaidi, msijaribu kurekebisha zote kwa mpigo.

Hatua ya 2: Kubalianeni timu ni nani, na nani anashika usukani

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mfumo wake kuhusu watu wa fani tofauti kujifunza na kufanya kazi pamoja, na kwenye maelezo yake timu haiishii kwa wenye vyeti, mgonjwa, familia, walezi na jamii wamo pia. Hii naisisitiza kwa sababu timu nyingi zinajihesabu zenyewe tu. Kwa mgonjwa wetu wa mguu, anayebadilisha bandeji nyumbani ni mtoto wake au mke wake, kwa hiyo huyo ni sehemu ya timu, jina lake na namba yake ya simu vinatakiwa viwe kwenye faili kama vilivyo vya daktari.

Andikeni orodha: jina, kazi yake kwa mgonjwa huyu, anapatikanaje, na akiwa hayupo nani anashika nafasi. Halafu mteueni mratibu mmoja. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na kwenye kidonda cha kisukari hii inaonekana wazi, wa upasuaji anasema asitembee, wa mazoezi anasema atembee kidogo, mgonjwa anabaki njia panda na mwisho anafanya anachoona mwenyewe. Mratibu si lazima awe daktari. Mara nyingi nesi wa kliniki ya kisukari ndiye anafaa zaidi maana anamuona mgonjwa kila anapokuja. Kazi yake si kuwaamuru wengine, ni kujua mpango mzima ulivyo leo na kuwaita wahusika maagizo yakigongana.

Na tofautisheni maswali mawili ambayo watu wanayachanganya, nani anafanya na nani anaamua. Nesi anafanya usafi wa kidonda, lakini nani anaamua sasa imefika hatua ya kwenda upasuaji? Kama ni daktari, nesi akiona alama zipi anampigia? Andikeni alama zenyewe: harufu mpya, wekundu unaosambaa, usaha, homa, ngozi inayogeuka nyeusi, mfupa unaoguswa ndani ya kidonda. Ikiwa imeandikwa hivyo nesi hana haja ya kuomba ruhusa ya kuwa na wasiwasi.

Hatua ya 3: Muwe na namna moja ya kupeana taarifa

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye faida kubwa na gharama yake ni karibu bure.

Madaktari na manesi wanafundishwa kuongea tofauti. Nesi anafundishwa kueleza mgonjwa yukoje kwa upana, daktari anafundishwa kutafuta kichwa cha habari. Wakikutana kwenye simu usiku, mmoja anasimulia na mwenzake anasubiri aambiwe anatakiwa afanye nini, na mwisho wote wanakata simu hawajaridhika. Dawa yake ni mpangilio unaoitwa SBAR, ambao mizizi yake iko kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani na ukaingizwa hospitalini na watu wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la huko huko, sasa unatumika nchi nyingi sana. Kwa kwetu unaweza kuuita hali, historia, tathmini, ombi. Vitu vinne kwa mfuatano huo huo kila siku.

Simu mbaya inakuwaje? "Daktari samahani kwa usumbufu, yule baba wa mguu hayuko vizuri, naona kama amebadilika, sijui utakuja saa ngapi?" Daktari aliyeamka usingizini anajibu "endelea kumuangalia". Sasa simu ile ile kwa mpangilio:

"Daktari, ni nesi wa wodi ya upasuaji. Napiga kuhusu mgonjwa wa kitanda namba 6, presha yake imeshuka, ni 85 kwa 50, mapigo 124, anapumua mara 28 kwa dakika, joto 38.9. Ni baba wa miaka 58 mwenye kisukari, jana alisafishwa kidonda cha mguu chumba cha upasuaji, saa mbili zilizopita presha ilikuwa 118 kwa 70. Nadhani maambukizi yameingia kwenye damu. Naomba uje umuone sasa hivi, oksijeni nimeshaweka, naomba pia uniambie nianze dripu gani na damu nichukue vipimo gani."

Ni sekunde 40 hivi. Angalia kwamba nesi ametoa maoni yake, "nadhani maambukizi yameingia kwenye damu", hicho ndio kipande kinachorukwa zaidi kwa sababu wengi wameambiwa kutambua ugonjwa si kazi yao. Akikosea hakuna kilichoharibika, daktari atakuja na ataona mwenyewe, lakini akinyamaza daktari anakosa macho ya mtu pekee aliye pale kitandani. Na ombi liwe na muda ndani yake. "Uje" peke yake haitoshi.

Kipande cha pili ni kurudia. Agizo lolote la mdomo, anayepokea analiandika, analisoma kwa sauti, na aliyetoa anasema "sawa, ni hivyo". Namba zisomwe tarakimu moja moja hasa zikitajwa kwa Kiingereza, maana kumi na tano na hamsini za Kiingereza kwenye simu yenye kelele zinafanana vibaya mno. Kwenye maandishi kuna mitego miwili ambayo kila timu inatakiwa iikataze leo leo. Wa kwanza ni kuandika herufi U kumaanisha yuniti za insulini: "10U" kwa mwandiko wa haraka inasomeka 100, na mgonjwa anachomwa mara kumi ya dozi. Andika neno lenyewe, yuniti. Wa pili ni sifuri baada ya nukta, "1.0" nukta ikififia inakuwa 10, kwa hiyo andika 1 basi. Na kinyume chake, dozi ya chini ya moja iwe na sifuri mbele, 0.5, isiwe .5.

Mfundisheje? Msifanye semina ya siku nzima. Printini vile vitu vinne, bandikeni pembeni ya simu ya wodi, na kwa wiki mbili tatu za mwanzo kila kikao cha asubuhi watu wawili waigize simu moja dakika 2. Madaktari nao wafundishwe kuuliza kwa mpangilio huo, nesi akisahau ombi daktari amuulize kwa upole "unaomba nini kwangu?", na ninaposema upole namaanisha, mtu akifokewa mara moja tu simu ya pili hapigi.

Hatua ya 4: Makabidhiano ya shifti

Kuna watu wanaona kupanga makabidhiano ni kupoteza muda. Mwaka 2014 matokeo ya mpango wa makabidhiano unaoitwa I-PASS yalichapishwa kwenye jarida la New England Journal of Medicine, ulifanyika kwenye hospitali 9 za watoto za Amerika Kaskazini, makosa ya kitabibu yalishuka kwa asilimia 23 na madhara yaliyoweza kuzuilika yakashuka kwa asilimia 30, na muda wa kukabidhi mgonjwa mmoja haukubadilika kwa maana yoyote, ulikuwa dakika 2.4 ukawa 2.5. Yaani kilichobadilika ni mpangilio, dakika zimebaki zile zile.

Mpangilio wenyewe: sema kwanza mgonjwa ni mahututi kiasi gani, kisha muhtasari, kisha nini kimebaki kufanywa na nani anafanya, kisha "ikitokea hivi fanya hivi", na mwisho anayepokea arudie kwa maneno yake. Hiyo ya "ikitokea hivi" ndio naipenda zaidi. Kwa mgonjwa wetu: "usiku sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L na yuko macho mpe glukosi ya kunywa na pima tena baada ya dakika 15, akipoteza fahamu usimpe kitu mdomoni, mpe ya mshipa na mpigie daktari wa zamu." Anayepokea hahitaji kuanza kufikiria upya saa tisa usiku.

Kabidhianeni pembeni ya kitanda mkiweza, mgonjwa akisikia, atasahihisha mwenyewe pale mnapokosea dawa. Mambo ya siri semeni pembeni. Na wakati wa kukabidhi mtu asiitwe itwe, mteueni mmoja wa kujibu kengele na simu dakika hizo.

Hatua ya 5: Mdogo aweze kumwambia mkubwa "simama"

Mpangilio wote hapo juu unakufa kama mtu anaogopa kusema. Na woga huu una sababu zake, mtu aliwahi kuuliza akadhalilishwa mbele ya wagonjwa, kesho yake akanyamaza, na kunyamaza kukawa utaratibu wa wodi. Kuwaambia watu "jisikieni huru" hakusaidii kitu. Yanayosaidia ni mambo madogo yanayorudiwa.

La kwanza ni majina. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 2008, ina vipengele 19 na kimoja ni kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi kila mtu chumbani ajitaje jina na kazi yake. Ilipojaribiwa kwenye hospitali 8 za miji tofauti ikiwemo London, Manila, New Delhi na Ifakara, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Si majina peke yake yaliyoleta hayo, orodha ina mambo mengi, lakini mtu aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja chumbani ni rahisi kuitoa mara ya pili akiona kitu kibaya.

La pili ni maneno yaliyokubaliwa. Mpeane ngazi tatu: "nina wasiwasi", halafu "sijaridhika na hili", halafu "hili ni suala la usalama, tusimame". Kila mtu anajua kwamba ngazi ya tatu ikitamkwa kazi inasimama hata kama aliyesema ni mwanafunzi, tunaangalia, ndio tunaendelea. Na aliyesema asipojibiwa aseme tena, mara mbili, halafu anayo ruhusa ya kwenda juu bila kuonekana mchongezi. Haya yaandikwe na mkuu wa kitengo ayasome mwenyewe mbele ya watu wote, yakisomwa na mtu mwingine hayana uzito.

La tatu ni la viongozi peke yao. Mtu akikusimamisha na ikaonekana amekosea, bado umshukuru, pale pale, wengine wakisikia. Hapa ndio timu nzima inajifunza kama mlikuwa mnamaanisha au la.

Jiandaeni na jambo moja ambalo linawatisha wengi: ripoti za makosa zitaongezeka mwanzoni. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alikuwa anaangalia makosa ya dawa kwenye wodi, akategemea timu nzuri zitakuwa na makosa machache, akakuta zilizoongozwa vizuri ndizo zenye makosa mengi yaliyoripotiwa, sababu ni kwamba kule watu walikuwa wanasema badala ya kuficha. Kwa hiyo bosi asije akaona namba imepanda akaanza kuwasaka watu, atakuwa ameua kitu kabla hakijaota.

Hatua ya 6: Vikao, na viwe vifupi

Dakika 10 asubuhi, mkiwa mmesimama, maswali matatu: nani anatutia wasiwasi leo, nani anatoka leo na yuko tayari kweli, na nini kinakosekana (watu, dawa, vifaa). Basi. Kikao kirefu cha kesi ngumu kiwe mara moja kwa wiki, kesi mbili tatu, na anayemjua mgonjwa zaidi ndiye aongee kwanza hata kama cheo chake ni kidogo, wakubwa waongee mwisho maana wakianza wao hakuna atakayepinga. Kila uamuzi utoke na jina na tarehe. "Tutafuatilia" haina mwenyewe.

Na kuhusu makundi ya WhatsApp, najua yapo kila mahali na yanasaidia kweli kupata jibu la haraka, ila jina la mgonjwa, sura yake na namba ya faili visiingie humo, picha ya kidonda ipigwe bila kuonyesha mtu, na agizo lolote lililotolewa kule liandikwe kwenye faili siku hiyo hiyo. Simu inapotea, mtu anahama kazi na bado yumo kwenye kundi, mgonjwa hakuridhia hayo.

Hatua ya 7: Mgonjwa apewe mpango, na auseme yeye

Kabla hajatoka, kaa naye na mtu wake wa nyumbani. Usiulize "umeelewa?", kila mtu atasema ndio. Sema "nataka nijue kama nimeeleza vizuri, nionyeshe nyumbani utafanyaje". Akuonyeshe anavyokagua nyayo na katikati ya vidole, anavyovuta insulini kwenye sindano, akutajie alama za kumfanya arudi bila kusubiri tarehe. Alipokosea unaeleza upya kwa njia nyingine, mpaka atoke sawa.

Orodha ya dawa ni kazi ya mfamasia na nesi pamoja: alizokuja nazo, alizopewa hapa, anazoondoka nazo, na kwa kila iliyobadilika sababu yake. Aliyezoea vidonge vya sukari akaanzishiwa insulini anaweza kurudi nyumbani akaendelea na vyote viwili kwa dozi zile zile za zamani kwa sababu hakuna aliyemwambia kipi kiachwe. Muulize pia za mitishamba na za kununua mwenyewe, na umuulize kwa namna ambayo hataogopa kukujibu. Ukimkaripia hapo umejifungia mlango.

Hatua ya 8: Rufaa iwe na kwenda na kurudi

Fomu ya rufaa iwe na sababu ya rufaa kwa sentensi moja, swali unalotaka lijibiwe, yaliyofanyika tayari, dawa, na namba ya simu inayopokelewa. Kabla mgonjwa hajaondoka piga simu, jua jina la anayempokea. Wekeni daftari au jedwali la rufaa lenye safu tatu: katoka, kafika, mrejesho umerudi. Kila wiki mtu mmoja anapita anatafuta ambao hawajafika, na hapo ndio mhudumu wa afya ngazi ya jamii anakuwa wa thamani sana, yeye anaweza kwenda kugonga mlango na kukuta mgonjwa hakwenda kwa sababu hakuwa na nauli au hakuwa na wa kumuachia watoto. Mrejesho hauhitaji barua ndefu, mistari mitano inatosha: tumekuta nini, tumefanya nini, dawa zilizobadilika, nyie mfanye nini, arudi kwetu lini.

Hatua ya 9: Taasisi mbili kuungana

Sasa ndio tunafika kwenye karatasi. Hospitali na shirika la jamii, au kituo cha serikali na cha binafsi, au programu mbili ndani ya mfumo mmoja. Hii ya mwisho watu wanaisahau, lakini mfano mkubwa ni kifua kikuu na VVU. Kifua kikuu kinaua watu wengi wanaoishi na VVU, na bado kwa muda mrefu programu hizi mbili zilikuwa na kliniki zake, rejista zake, wafadhili wake, mgonjwa mmoja anapanga foleni mbili na hakuna upande unaomjua wote. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani likatoa sera ya shughuli za pamoja, na ukiisoma unaona mambo ambayo ubia wowote unaweza kuyaiga: chombo kimoja cha uratibu, mpango wa pamoja, ufuatiliaji wa pamoja, na kazi inayokwenda pande zote mbili, yaani mwenye VVU achunguzwe kifua kikuu kila anapokuja na mwenye kifua kikuu apimwe VVU. Kila upande unafanyia upande wa pili kitu. Ubia ambao upande mmoja unatoa tu na mwingine unapokea tu haudumu.

Kabla ya kuandika chochote kaeni kila upande useme wazi unataka nini kwenye ubia huu, hata yale ya aibu kidogo kama kupata takwimu za kumuonyesha mfadhili au kupunguza msongamano. Yakiwa mezani yanapangika, yakifichwa yanakuja kulipuka. Halafu hati ya makubaliano, kurasa mbili tatu, iseme:

– lengo moja linalopimika na ni kwa wagonjwa gani
– nani anafanya nini, nani analeta nini (watu, vifaa, usafiri, hela), na hela ikichelewa inakuwaje
– taarifa gani za mgonjwa zinapita, kwa njia gani, nani anaruhusiwa kuziona, na mgonjwa ameridhiaje
– nani anabeba dhamana ya kitabibu mgonjwa akiwa katikati, ameshatoka kwenu na hajapokelewa kwao
– mkitofautiana mnaanzia kwa nani, na ndani ya siku ngapi
– ripoti na sifa zinatoka kwa jina la nani
– mkiachana wagonjwa wanahamishwaje

Kipengele cha dhamana ndicho wengi wanakiruka kwa sababu kina ugumu, nawasihi msikiruke, mgonjwa akizidiwa njiani ndio mtagundua kila mmoja alidhani ni wa mwenzake. Cha kuachana nacho kinaonekana kama kuombeana mabaya lakini miradi inaisha, hiyo ni kawaida yake, na mgonjwa wa kisukari haachi kuhitaji dawa mradi ukiisha.

Wakubwa wa taasisi wakishasaini, wapeni namba watu wawili wa chini wanaofanana kazi, nesi wa huku na nesi wa kule, na wabadilishane siku moja kila mmoja akae kwa mwenzake. Atakayeona foleni ya upande wa pili kwa macho yake hatatuma tena mgonjwa ijumaa jioni bila kupiga simu. Na anzeni na kundi dogo, kliniki moja, kabla ya kusambaza kote.

Hatua ya 10: Pimeni, na wapya wakute kitu kimesimama

Chagueni vipimo vichache ambavyo kila mtu anavielewa. Kwa mgonjwa wetu vinne vinatosha: siku ngapi zinapita tangu kidonda kuonekana hadi kufika kliniki ya mguu, rufaa zilizopata mrejesho kati ya zilizotoka, wagonjwa waliotoka na orodha sahihi ya dawa, na wagonjwa waliokatwa miguu. Bandikeni ukutani, kila mwezi, hata mwezi mbaya. Waulizeni pia wafanyakazi swali moja bila majina: mwezi huu kuna kitu uliona hakiko sawa ukakosa kusema? Wakisema ndio wengi, rudini hatua ya 5.

Kila miezi mitatu chukueni faili lingine moja mchore njia upya kama mwanzo, mtakuta duara za zamani zimeziba na mpya zimejitokeza, mfano mmepanga vizuri wodini lakini sasa kinachokwama ni majibu ya maabara ya wikiendi.

Watu watahama, na hapa ndio kazi nyingi nzuri zinapotea, yule nesi aliyekuwa anashikilia kila kitu kichwani anapangiwa kwingine na daftari la rufaa linalala kabatini. Kwa hiyo mratibu awe na msaidizi tangu siku ya kwanza, na mtu mpya yeyote, daktari bingwa au mwanafunzi, kabla ya shifti yake ya kwanza aonyeshwe vile vitu vinne pembeni ya simu, aigize simu moja, asikilize makabidhiano mawili, atambulishwe kwa watu wa maabara, famasi na ustawi wa jamii kwa majina yao, na apewe namba ya mtu mmoja wa upande wa taasisi mwenza ambaye anaweza kumpigia siku hiyo hiyo akiwa na swali.